Liwali, jemadari au akida? Kuchagua cheo cha Kirumi unapoandika kwa Kiswahili

Fungua Biblia ya Kiswahili ya Union, ile ambayo wengi wetu tumekua nayo, uwatafute watu watano: Kirenio, Sergio Paulo, Galio, Pilato na Feliki. Wote watano wanaitwa liwali. Kirenio ni liwali wa Shamu, Galio ni liwali wa Akaya, Pilato ni liwali wa Uyahudi. Msomaji akifunga kitabu anaondoka na picha ya watu watano wa kiti kimoja, waliopishana miji tu. Hawakuwa wa kiti kimoja. Mrumi aliyepita njia angewatazama nguo na watu waliowatangulia, akajua papo hapo nani mkubwa na nani mdogo, asiulize mtu.

Nawaandikia wanaoshika kalamu: mwalimu wa historia, mtunzi wa igizo la Pasaka, mtafsiri wa filamu, mwandishi wa riwaya anayetaka kuipeleka hadithi yake Roma ya kale. Mnakutana na msururu wa vyeo, na kwa kila kimoja mnapaswa kuamua: nitumie neno letu, au nilichukue la kwao? Nimewahi kusaidia kuandaa igizo la Ijumaa Kuu ambalo Pilato alitoka jukwaani amezungukwa na legioni nzima, yaani jeshi la Kirumi la maelfu ya askari, na msimulizi akaitaja hivyo kwa fahari. Baada ya igizo mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, kama huyu bwana ana jeshi kubwa namna hii, mbona anaogopa maneno yasifike kwa Kaisari?" Siku ile sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwenye cheo, nasi tulikuwa tumempa cheo ambacho hakuwa nacho.

Kabla ya kulinganisha cheo na cheo, shika jambo moja. Warumi hawakumpima mkubwa kwa idadi ya askari. Walimpima kwa imperium, yaani haki ya kuamuru, kuongoza jeshi na kuhukumu, na kwa nani aliyempa haki hiyo. Alama yake ilionekana barabarani: wabeba fito walimtangulia wakiwa na bunda la fito lililofungwa pamoja na shoka. Konsuli, mkuu wa dola, alitanguliwa na 12. Pretori, hakimu mkuu aliye chini ya konsuli, akiwa nje ya mji wa Roma alitanguliwa na 6. Dikteta alitanguliwa na 24. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mhusika wako liwe hili: ametumwa na nani, na akirudi atamjibu nani?

Prokonsuli na naibu wa Kaisari

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 27 KK Augustus, Kaisari wa kwanza, aligawa majimbo mafungu mawili. Mengi yaliyotulia, kama Asia (magharibi mwa Uturuki ya leo) na Afrika (Tunisia na kandokando yake), yaliachwa chini ya Seneti, baraza la wakuu wa Roma. Yale ya mipakani yenye majeshi, kama Shamu na Galia, aliyashika mwenyewe. Fungu la kwanza lilitawaliwa na prokonsuli. Alipata jimbo lake kwa kupigiwa kura ya bahati nasibu miongoni mwa maseneta waliostahili, akakaa mwaka mmoja kwa kawaida, akarudi. Fungu la pili lilitawaliwa na legati wa Augustus. Huyu alichaguliwa na Kaisari, akakaa muda ambao Kaisari alipenda. Tiberius, Kaisari aliyemfuata Augustus, aliwaacha baadhi yao miaka mingi.

Sasa waweke bega kwa bega. Galio, ndugu yake mwanafalsafa Seneca, alikuwa prokonsuli wa Akaya karibu mwaka 51 au 52 BK. Tarehe hiyo tunaijua kwa sababu barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja ilichongwa kwenye jiwe huko Delphi. Galio alitanguliwa na wabeba fito 6, na hakuwa na legioni hata moja. Kirenio alipofika Shamu mwaka 6 BK alikuwa legati, na Shamu ya zama hizo ilikuwa na legioni nne siku nyingi. Ungedhani basi Kirenio angetanguliwa na msafara mrefu zaidi. Sivyo. Legati wa Kaisari alipewa wabeba fito 5 tu, maana imperium yake ilikuwa ya kuazimwa. Mwenye nayo hasa alikuwa Kaisari, na legati aliishika kwa niaba yake. Prokonsuli wa Asia au wa Afrika alikuwa na 12 kamili, sawa na konsuli, hata kama askari wake hawakutosha kujaza uwanja wa soko.

Nguo nazo zilisema. Mwanahistoria Cassius Dio anaeleza kwamba legati wa Kaisari alivaa vazi la kijeshi na upanga, kwa sababu alikuwa na mamlaka ya kumwua askari, ilhali prokonsuli hakufunga upanga. Kwa anayeandaa igizo, hii ni dhahabu. Mpe Galio toga na kiti. Mpe Kirenio joho la vita na upanga kiunoni.

Je, Kiswahili? Liwali wa Mombasa au wa Lamu aliketi kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Sultani alimweka, Sultani aliweza kumwondoa. Huyo ni legati wa Kaisari mtupu! Kwa Kirenio, neno liwali linakaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa. Kwa Galio na Sergio Paulo linapwaya, kwa kuwa hawakuketi kwa niaba ya Kaisari. Hao waite maprokonsuli, ueleze mara moja kwamba walitoka katika Seneti, kisha uendelee na hadithi. Ukitaka kumtaja legati kwa maneno badala ya cheo, "naibu wa Kaisari" inatosha. Epuka "mjumbe", ingawa kwa asili yake legatus ni mjumbe kweli. Msomaji ataona mtu aliyebeba barua, asimwone mwenye legioni nne.

Legati wapo wa aina mbili, na lazima uwatenganishe. Yupo legati wa jimbo, na chini yake yupo legati wa legioni, anayeongoza legioni moja ya watu wapatao 5,000. Vespasianus alikuwa legati wa Legioni ya Pili Augusta walipoivamia Britania mwaka 43 BK. Mwaka 67 alipelekwa Uyahudi akiwa legati wa Kaisari, na jeshi kubwa, kuzima uasi, na mwaka 69 akawa Kaisari. Mtu mmoja, neno moja, ngazi mbili. Huyu wa legioni usimwite liwali hata kidogo. Hana jimbo, ana kambi. "Mkuu wa legioni" inamtosha.

Pilato: prefekti, si prokuratori

Mwaka 1961, katika magofu ya ukumbi wa maigizo wa Kaisaria, wachimbaji kutoka Italia walikuta jiwe lililokuwa limetumika tena kama jiwe la ngazi. Lilikuwa na maandishi ya Kilatini, mengine yamefutika, lakini jina Pilatus linasomeka wazi, na chini yake mwisho wa neno praefectus na mwanzo wa jina la Uyahudi. Vitabu vingi vilimwita prokuratori kwa kumfuata mwanahistoria Tacitus, ambaye aliandika miaka mingi baadaye na kutumia cheo cha siku zake. Jiwe lilimaliza ubishi. Watawala wa Uyahudi walianza kuitwa maprokuratori tangu wakati wa Kaisari Klaudio, kwa hiyo Feliki na Festo ni maprokuratori na Pilato ni prefekti.

Tofauti ina maana gani kwa anayeandika? Prefekti ni neno la kijeshi, mtu aliyewekwa mbele ya wengine awaongoze. Prokuratori ni neno la mali, msimamizi wa mashamba na fedha za bwana wake. Mapema maprokuratori walikuwa watu wa hesabu tu, na hata ngazi zao zilikuja kuitwa kwa mishahara: wa sestersi (sarafu za Kirumi) 60,000 kwa mwaka, wa 100,000, wa 200,000. Katika majimbo ya Kaisari, prokuratori wa fedha aliishi pembeni ya legati lakini hakuwa chini yake. Aliandika moja kwa moja kwa Kaisari. Huko Britania baada ya uasi wa malkia Boudica wa mwaka 60 au 61, prokuratori Classicianus alimshitaki legati Suetonius Paulinus kwa Kaisari Nero kwamba ukali wake hautaleta amani. Ukitafuta mgogoro wa ofisini kwa ajili ya riwaya, huo hapo: mwenye upanga na mwenye daftari, kila mmoja ana njia yake ya kufika kwa mkubwa.

Wote wawili, prefekti na prokuratori, hawakuwa maseneta. Walitoka tabaka la pili, la wapanda farasi, waliotakiwa kuwa na mali isiyopungua sestersi 400,000. Seneta alitakiwa kuwa na milioni moja. Kanzu ya seneta ilikuwa na mstari mpana wa zambarau, ya mpanda farasi mstari mwembamba. Galio alikuwa na mpana, Pilato mwembamba. Feliki aliwashangaza Warumi zaidi ya wote, kwani alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, naye akapewa jimbo kwa kuwa kaka yake, Pallas, alikuwa mtu wa karibu wa Kaisari.

Sasa namjibu yule mzee. Pilato alishika haki ya kuua, ndiyo. Askari wake hata hivyo walikuwa vikosi vichache vya wasaidizi, wengi wao wazawa wa kule kule, na legioni ya karibu ilikuwa Shamu chini ya mtu mwingine. Hakuwa na ukoo wa kiseneta wa kumkinga. Alichokuwa nacho chote alikipata kwa fadhili ya Kaisari, na maneno "wewe si rafiki yake Kaisari" yalimgusa palepale. Mwaka 36 BK, baada ya askari wake kuwaua Wasamaria karibu na mlima Gerizimu, legati wa Shamu, Vitellius, alimwamuru aende Roma akajieleze. Akaenda. Prokonsuli asingeamriwa hivyo na jirani yake.

Kwa igizo la kanisani mwache aitwe liwali, watu wamemzoea, na kwa kuwa aliwekwa na Kaisari neno halimwonei. Ila mwondolee legioni. Kwa kitabu cha historia andika prefekti.

Tena usidhani kila prefekti ni mdogo kama huyu. Prefekti wa Misri alikuwa mpanda farasi vilevile, lakini aliongoza legioni na kusimamia nafaka iliyolisha Roma. Augustus alilinda nafasi hiyo kwa wivu hata seneta hakuruhusiwa kuingia Misri bila idhini. Prefekti Petronius ndiye aliyepigana na Kushi, katika Sudan ya leo, ambako Kandake, malkia wao, na watu wake walikuwa wametoka wakashuka hadi Misri, wakazibeba sanamu za Augustus. Kichwa kimoja cha shaba cha sanamu yake kilifukuliwa Meroe mwaka 1910, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu ili kila apandaye amkanyage Kaisari kichwani. Macho yake ya kioo na mawe bado yamo. Na mjini Roma kwenyewe, prefekti wa walinzi wa Kaisari alikuwa mtu wa kuogopwa. Macrinus alitoka kwenye kiti hicho mwaka 217 BK akawa Kaisari mwenyewe.

Konsuli na dikteta: ndio majemadari hasa

Kama hadithi yako iko kabla ya Augustus, vyeo vikubwa ni hivi viwili, na maneno yote mawili yana mtego katika Kiswahili. Konsuli kwetu ni ofisa wa ubalozi anayeshughulikia viza. Konsuli wa Roma alikuwa mkuu wa dola na wa jeshi, na walikuwa wawili, wakichaguliwa kwa mwaka mmoja, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Dikteta kwetu ni dhalimu. Kwa Warumi wa kale alikuwa mtu wa dharura aliyewekwa kisheria kwa muda usiozidi miezi sita, akamchagua mkuu wa wapanda farasi awe msaidizi wake. Cincinnatus, kwa masimulizi yao ya mwaka 458 KK, aliitwa kutoka shambani, akashinda, akakiacha cheo siku ya 16.

Yupi akufae? Vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Karthago, vinakuonyesha. Mwaka 217 KK Fabius Maximus akiwa dikteta alikataa kupigana uwanja wazi, akamfuata adui kilimani na kumnyima chakula, watu wakamsema mwoga. Mwaka uliofuata amri ilirudi kwa makonsuli wawili, Aemilius Paullus na Terentius Varro, waliopokezana kuongoza jeshi siku kwa siku. Huko Cannae siku ya Varro ndiyo iliyokuwa siku ya vita. Mwanahistoria Livius anahesabu wafu karibu 48,000, mwenzake Polybius 70,000. Paullus alikuwa miongoni mwao. Ukitaka kuandika juu ya uamuzi wa mtu mmoja, chukua dikteta. Ukitaka msiba wa wawili wasioelewana, konsuli.

Makaisari wa baadaye hawakuhitaji cheo cha dikteta. Julius Caesar alikifanya cha maisha mwaka 44 KK, na mwaka huohuo akauawa. Augustus alikusanya mamlaka ya jeshi mkononi mwake bila jina hilo. Kwa bahati njema tuna neno linalomfaa kabisa: amiri jeshi mkuu.

Jemadari Lisia

Klaudio Lisia wa Matendo ya Mitume anaitwa jemadari. Cheo chake kwa Kigiriki ni mkuu wa watu elfu, na kwa Kirumi ni tribuni. Aliongoza kikosi kimoja cha wasaidizi kilichokaa ngomeni Yerusalemu. Tafuta pale Paulo anapokaribia kupigwa mijeledi, utaona ngazi nzima ikitembea. Paulo anamwambia akida kwamba yeye ni raia wa Rumi. Akida hathubutu kuamua, anakwenda kwa Lisia. Lisia anakuja mwenyewe, anauliza, anakiri kwamba yeye uraia wake aliununua kwa fedha nyingi, na anaogopa. Kisha anamsafirisha mfungwa usiku kwa Feliki, na barua. Watu watatu, na kila mmoja anajua mpaka wa mamlaka yake.

Jemadari kwa mtu huyu ni neno zito mno. Ukilazimika kumpima kwa vyeo vya majeshi yetu, mkuu wa kikosi cha namna hiyo anakaribia luteni kanali, na jenerali yuko mbali sana juu yake. Mimi ningeandika "mkuu wa kikosi", na neno jemadari nikawawekea Fabius na Paullus.

Ndani ya legioni zenyewe kulikuwa na matribuni sita, na mmoja wao alikuwa kijana wa kiseneta, mara nyingi wa miaka ishirini hivi, aliyekuja kujifunza kazi. Kwa cheo alikuwa wa pili katika legioni nzima. Kwa uzoefu, askari mzee wa safu ya mbele alimzidi mara kumi. Tena yupo tribuni wa watu wa kawaida, kumi kwa mwaka, ambaye hakuwa na askari hata mmoja, na kazi yake ilikuwa kuwatetea raia na kusema "nakataza". Tiberius Gracchus wa mwaka 133 KK ni wa aina hiyo. Ukiwachanganya hao wawili, habari nzima imeharibika.

Akida

Nimeliacha neno hili mwisho kwa kuwa ndilo ninalolipenda. Kenturio, ambaye Biblia yetu inamwita akida, aliongoza kikosi kiitwacho kenturia. Jina linatokana na mia, lakini katika jeshi la Makaisari kenturia ya kawaida ilikuwa na watu 80. Sita zilifanya kohorti, kohorti kumi zikafanya legioni. Wengi wa makenturio walipanda kutoka askari wa kawaida, na wa juu kabisa, aliyeitwa primus pilus, aliweza kuwa mkuu wa kambi, wa tatu katika legioni.

Alama yake ilikuwa fimbo ya mzabibu, na haikuwa pambo. Tacitus anamtaja kenturio Lucilius ambaye askari walimpa jina la utani "Lete nyingine", kwa sababu alipoivunja fimbo mgongoni mwa askari aliita kwa sauti aletewe ya pili, kisha ya tatu. Askari walipoasi huko Pannonia mwaka 14 BK walimwua.

Akida ni neno la Kiarabu, na katika majeshi ya Waarabu leo ni kanali, kwa hiyo msomaji wako wa Muscat anaweza kumpandisha Kornelio, yule akida wa Matendo ya Mitume, ngazi kadhaa. Huku Tanzania bara wazee walimjua akida wa Wajerumani, mkusanya kodi aliyechukiwa hadi Maji Maji ikalipuka mwaka 1905. Hata hivyo ningelibakiza. Kapteni ni wa shule ya maofisa, na sajenti hana amri ya kikosi. Kenturio alikuwa yote mawili kwa pamoja, na hakuna cheo cha leo kinachomfunika. Akida ana ile hali ya mtu anayesimama karibu na watu wake, anawajua kwa majina, na wanamwogopa.

Katika makumbusho ya Bonn, Ujerumani, lipo jiwe la Marcus Caelius wa Legioni ya 18, lililopatikana Xanten. Amechongwa kutoka kiunoni kwenda juu, kifua kimejaa nishani, na mkono wa kulia umeshika ile fimbo ya mzabibu. Kushoto na kulia kwake zimewekwa sura za watumwa wake wawili aliowaacha huru. Maandishi yanasema alikuwa na miaka 53 na nusu, na kwamba alianguka katika vita vya Varus, mwaka 9 BK, pale legioni tatu zilipoangamia msituni chini ya legati mmoja, huyo Varus. Mwili wake haukurudi. Ndugu yake, Publius, ndiye aliyeliweka jiwe, akaagiza yaandikwe maneno ya ruhusa kwamba mifupa ingeweza kuzikwa hapo.